Shokapu ya 100, 120 au 140? Kisa cha baiskeli ya bwana mifugo wa Buhongwa

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, breki za diski, nyuma haina shokapu. Mbele ilikuja na shokapu ya springi yenye mwendo wa milimita 100, na hiyo ndiyo iliyomchosha mwenyewe. Yeye ni bwana mifugo, anaishi Buhongwa, Mwanza, na anahudumia vijiji vya upande wa Misungwi. Ana kilo 84. Akishavaa mkoba wa kazi na kibebeo cha chanjo chenye barafu, baiskeli inabeba karibu kilo 90. Shauri lake alikuwa ameshalikata: "Kaka, mimi nataka ya mia na arobaini. Nisaidie tu kuipata."

Sikumbishia. Nilimwambia tuanze na anapopita, kwa sababu namba ya shokapu haina maana mpaka ujue inakwenda kukutana na nini.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni: mwendo wa shokapu ni umbali ambao gurudumu la mbele linaweza kupanda kabla shokapu haijagonga mwisho wake. Baiskeli za mbio za porini siku hizi hubeba milimita 100 hadi 120. Za matumizi mchanganyiko, zile za kupanda na kushuka kutwa nzima, huanzia 120 na kufika 150. Za miteremko mikali hufika 160 hadi 180, na za mashindano ya kuteremka tupu 200. Ukiangalia orodha hiyo haraka utaona kama ngazi ya ubora, na watu wengi wanaoniletea swali hili hapa Mwanza wanaisoma hivyo: kubwa zaidi ni bora zaidi. Siyo. Ni orodha ya kazi mbalimbali, na kila kazi ina fremu yake.

Anapopita

Siku za kazi anatoka Buhongwa kwa lami hadi Usagara, kisha anaingia barabara za changarawe. Hizo zimejikunja kama bati kwa sababu ya malori, mabondeni zina mchanga mzito, na zikifika mbugani kuna ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Siku nyingine anaitwa mjini, na hapo ni Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo, lami na matuta ya barabarani mwanzo mwisho. Jumamosi ndiyo siku ya roho yake. Anaungana na wenzake kupita Malimbe kwenda Luchelele, wanapanda vilima vya mawe juu ya ziwa, wanashuka, wanapanda tena mpaka jua likali.

Mawe ya huku ni matale. Yakiwa makavu yanashika tairi vizuri ajabu, hata kwenye mteremko ambao mtu akiutazama tu anarudi nyuma. Hatari iko pembeni yake. Tale likiliwa na mvua na jua linamwaga chembe kubwa za mchanga juu ya ardhi ngumu, na hapo gurudumu la mbele linateleza bila taarifa. Halafu kuna vidaraja: mwamba unakatika ghafla, chini kiasi cha futi moja, na mwamba mwingine unaanza. Kwenye kidaraja cha namna hiyo ndipo alipopitiliza juu ya usukani na kuchubuka viganja vyote viwili, na wazo la 140 lilizaliwa pale pale.

Tulihesabu saa, siyo kilomita. Kilomita zinadanganya, maana mteremko wa Luchelele ni mfupi lakini unachukua muda na nguvu nyingi. Hata kwa saa, sehemu kubwa mno ya maisha ya baiskeli hii iko kwenye changarawe na lami. Kushuka mawe, kule kushuka kwenyewe, ni kipande kidogo. Lakini ni kipande chenye kuumiza, kwa hiyo hakiwezi kupuuzwa, na mtu asije akamwambia kwamba kwa kuwa ni kidogo basi hakihesabiwi.

Utepe wa tyubu

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua shokapu ya zamani ilikuwa inafanya nini hasa. Kipimo ni rahisi na hakina gharama. Kata utepe mwembamba wa tyubu kuukuu, ufunge kwenye mojawapo ya zile bomba mbili za juu zinazong'aa, uubane lakini uweze kuteleza. Usukume hadi ukae juu ya mpira wa kuzuia vumbi. Panda taratibu ukiwa umeshika ukuta, na mzigo wako wote mgongoni, simama juu ya pedeli mkao wako wa kawaida, kisha shuka bila kubonyeza mbele. Umbali kati ya mpira na utepe ndio kiasi ambacho shokapu imezama kwa uzito wako tu, kabla hujakutana na jiwe lolote.

Kwa matumizi mchanganyiko tunataka kati ya asilimia 20 na 25 ya mwendo wote. Kwa shokapu ya 100 ni milimita 20 hadi 25. Yake ilisoma 38.

Namba hiyo moja iligeuza kisa. Mtu huyu hakuwahi kuendesha shokapu ya milimita 100. Alikuwa na 62 zilizobaki, na akibana breki ya mbele kwenye mteremko, uzito ukienda mbele, hata hizo zilikuwa zinaliwa. Alipofika kwenye kile kidaraja cha Luchelele, shokapu ilikuwa tayari karibu na mwisho, pua ya baiskeli iko chini, na gurudumu halikuwa na pa kupanda. Springi iliyokuwa ndani ilikuwa laini kwa uzito wake. Shokapu za springi za bei ya chini huja na springi moja ya mtu wa wastani, na kile kifundo cha juu cha kukaza hakiifanyi iwe ngumu, kinaipa tu mkazo wa mwanzo. Juu ya hayo, bushi, zile pete za ndani zinazoongoza bomba, zilikuwa zimelegea. Tulibana breki ya mbele, tukasukuma usukani mbele na nyuma, na kidole kilichowekwa pale bomba linapoingia kwenye mguu wa chini kikasikia mchezo wazi kabisa.

Kwa hiyo ushahidi aliokuja nao dhidi ya 100 haukuwa ushahidi dhidi ya 100. Ulikuwa ushahidi dhidi ya shokapu ile.

Suala la mikono kufa ganzi kwenye barabara za changarawe lilikuwa tofauti kabisa, na lilihitaji jicho lake. Yale makunyanzi ni madogo. Kila moja linataka shokapu isogee kidogo tu, lakini upesi, na irudi upesi kabla ya linalofuata. Shokapu kavu isiyo na mafuta inakwama. Iliyofungwa kasi ya kurudi polepole mno inazama kidogo kidogo kila pigo mpaka inakuwa kama imefungwa. Milimita 40 za ziada hazigusi tatizo hilo. Na tairi yake ya mbele, yenye upana wa inchi 2.25, ilikuwa imejazwa upepo wa psi 50, kwa kuogopa pancha. Tuliishusha hadi psi 29, na nusu ya malalamiko ya mikono iliisha siku hiyo hiyo, kabla hata ya kugusa shokapu.

Fremu nayo ina neno lake

Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami, kwa sababu ndiyo sehemu inayorukwa na wengi.

Shokapu yenye mwendo mrefu huwa ndefu yenyewe. Ya inchi 29 yenye mwendo wa 100 hupima takriban milimita 505 kutoka kwenye ekseli hadi pale inapokutana na shingo ya fremu, lile bomba fupi la mbele ambamo usukani unazunguka. Ya 120 hupima kama 525, ya 140 kama 545. Ukiongeza milimita 20 mbele, fremu nzima inainamia nyuma kwa takriban digrii moja. Pembe kati ya shingo ya fremu hii na ardhi ni digrii 70 ikiwa na 100. Kwa 120 inakuwa 69, kwa 140 inakuwa 68. Krenki, pale pedeli zinapozungukia, inapanda kama milimita 7 kwa kila hatua. Pembe ya bomba la kiti nayo inalala kwa kiasi kile kile, maana yake mpandaji anakaa nyuma zaidi ya pedeli zake.

Shingo iliyolala inasaidia kushuka: gurudumu linakuwa mbele zaidi yako, na unapogonga jiwe huoni unataka kutupwa. Hilo ni kweli na sitalipunguza. Lakini bei yake inalipwa kwenye kupanda. Ukiwa umekaa nyuma na usukani uko juu, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linayumba kushoto na kulia, na kwenye mpando mkali kama ule wa kwenda Bugando au barabara za juu za Isamilo unalazimika kuinama kifua kigusane na usukani ili tu baiskeli ifuate njia.

Kuna jambo jingine linalohusu fremu zisizo na shokapu nyuma peke yake. Baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma inazama pande zote mbili, kwa hiyo pembe zake hazibadiliki sana. Yetu inazama mbele tu. Shokapu ya 100 ikitoka juu kabisa hadi mwisho inasimamisha shingo kwa digrii 5 hivi. Ya 140 inaisimamisha kwa digrii 7. Na kwa kuwa shokapu za familia moja zikibonyea zote hufikia urefu ule ule, ile 68 nzuri iliyokuvutia dukani inageuka 75 pale chini kabisa, sawasawa na 70 ya shokapu fupi iliyobonyea. Yaani katikati ya kidaraja cha mawe, saa ile unayoihitaji zaidi, faida ya pembe haipo. Kilichobaki ni kwamba umepinduka digrii nyingi zaidi kufika hapo.

Bwana mifugo alinijibu vizuri hapo. Alisema amewahi kupewa na mwenzake wa Jumamosi baiskeli yenye 140, akaishusha Luchelele, na hajawahi kujisikia salama vile. Namwamini. Lakini ile ilikuwa na shokapu nyuma pia, na fremu yake ilichorwa tangu mwanzo kwa 140: bomba la kiti limesimama zaidi, krenki imeshushwa, fremu ndefu, na stemu, kile kipande kinachokamata usukani, ni fupi. Alichokipenda ni baiskeli nzima, siyo shokapu yake. Ukiichomoa shokapu hiyo na kuichomeka kwenye fremu ya 100 huhami na ule usalama.

Halafu kuna nguvu. Shokapu ndefu ni wenzo mrefu, na kila pigo la mbele linavuta chomeleo lililo chini ya shingo, pale bomba la chini linapokutana nayo. Watengenezaji hutaja kikomo cha urefu wa shokapu kwa kila fremu, na fremu nyingi za kundi hili hukubali 100 au, kwa nyingine, hadi 120. Yake ilikuwa ya kundi la pili. Kwa kilo 90 za mtu na mzigo wake, kwenye fremu ya mtumba ambayo hujui imepita wapi, kuvuka kikomo hicho ni kucheza na meno yako.

Kwa nini 120

Lilibaki swali la 100 au 120, na hapo nilikuwa tayari kushawishika upande wowote. Kama angekuwa mtu wa changarawe na lami tu, ningemwambia 100 nzuri ya upepo, nyepesi, yenye swichi ya kuifunga isisogee, na fedha inayobaki anunue tairi. Luchelele ndiyo iliyoongeza 20.

Hesabu ilikuwa hivi. Shokapu ya 100 ikizama asilimia 20 inabaki na 80 za kufanyia kazi. Ya 120 ikizama asilimia 25 inabaki na 90. Kwa hiyo mbele ya baiskeli, mpandaji akiwa juu, inapanda milimita 10 tu kuliko ilivyobuniwa, nusu digrii, kiasi ambacho mtu anakizoea haraka. Ya 140 ikizama asilimia hiyo hiyo 25, yaani milimita 35, inabaki na 105: mbele inapanda 25, zaidi ya digrii moja, na hiyo inasikika kila siku ya kazi kwa ajili ya saa chache za Jumamosi. Na kumbuka alikotoka. Kutoka 62 kwenda 90 ni karibu nusu nzima ya ziada.

Wanaodhani 120 ni ndogo nawakumbusha Durango, Colorado, mwaka 1990. Ned Overend na Greg Herbold walitwaa pale ubingwa wa kwanza wa dunia wa baiskeli za milimani wa UCI, shirikisho la baiskeli duniani, mmoja mbio za porini, mwingine kuteremka, na wote walitumia shokapu za RockShox zenye mwendo usiofika milimita 50.

Tulichagua ya upepo badala ya springi, kwa sababu ya uzito wa mwenyewe. Springi unabadilisha kwa kununua nyingine, ukiipata. Upepo unaongeza kwa pampu ndogo ya shokapu. Siku ya kazi ana mkoba na barafu, Jumamosi hana. Anaongeza, anapunguza, utepe unamwambia amefika.

Kuipata

Mtumbani ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa 120 safi, bomba zinang'aa, na tuliikataa. Aliyekuwa nayo kabla alishakata shina lake, lile bomba linalopita ndani ya shingo, na lilikuwa fupi kwa fremu yetu kwa upana wa vidole viwili. Hakuna dawa ya shina fupi. Mtu anayenunua shokapu ya mtumba aanze hapo: apime shingo ya fremu yake, aongeze beringi za juu na chini na urefu wa kikamatio cha stemu, ndipo atazame rangi. Ajue pia kama shina ni la upana mmoja, milimita 28.6 juu hadi chini, au limepanuka chini, kwa sababu shokapu nyingi mpya ni za aina ya pili na haziingii kwenye shingo nyembamba za zamani.

Ya pili ilikuwa na shina refu, bomba za juu zenye unene wa milimita 34, ambazo kwa kilo 90 nazipenda kuliko 32. Nilipitisha ukucha kwenye bomba zote mbili kutoka juu hadi chini, nikizunguka. Ukucha ukinasa, hapo kuna mkwaruzo utakaokata mpira na kuvujisha mafuta, na bei yoyote ni kubwa. Haukunasa. Ekseli yake ilikuwa ya milimita 15 kwa upana wa 100, wakati gurudumu la bwana mifugo lilikuwa la ekseli nyembamba ya 9. Bahati habu, kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya kubadilisha vifuniko vya pembeni, hivyo hatukulazimika kusuka gurudumu upya. Shokapu ya upana wa 110, ambao ndio umetawala mpya za leo, ingetudai habu nyingine.

Kwenye kufunga tulifanya mambo mawili kurudisha mkao. Pete ya milimita 10 iliyokuwa chini ya stemu tuliihamishia juu yake, usukani ukashuka karibu ulipokuwa. Kiti tulikisogeza mbele milimita 6. Upepo tuliweka hadi utepe uliposoma 30.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kushuka Luchelele yote pamoja na kile kidaraja, utepe ulisoma 111. Ndivyo ninavyotaka: sehemu ngumu kuliko zote itumie karibu mwendo wote na kuacha akiba kidogo. Kwenye njia ya vijijini ulisoma karibu nusu. Mpando wa kurudi Malimbe alisema gurudumu la mbele ni jepesi kidogo kuliko zamani. Nilimwambia ni kweli, ndiyo ile nusu digrii.

Mambo mawili yanabaki mikononi mwake. La kwanza ni udongo wa mbugani. Kati ya tairi ya 2.25 na lile tao linalounganisha miguu ya shokapu kuna nafasi ya kutosha; alitaka kuweka 2.4 na nimemkatalia mpaka masika ipite, kwa sababu udongo ule ukijaa pale unasaga tao na unaweza kusimamisha gurudumu ghafla. La pili ni mafuta. RockShox, kwa mfano, hutaja saa 50 za kuendesha kwa kusafisha miguu ya chini na kubadilisha mafuta yake, na kwa saa anazokaa barabarani, tena kwenye vumbi la changarawe, hizo zinafika haraka kuliko anavyodhani. Kila anapoileta kwa kazi hiyo tunafuta vumbi chini ya shingo na kuangalia lile chomeleo kwa tochi, rangi ikipasuka hata uzi mmoja tuijue mapema.